Mashua Kuukuu, Bima, na Watu Waliomo



Kila Ijumaa tunasoma Suratul-Kahf, na wengi wetu tunaipita haraka ile mashua. Khidhr aliitoboa, Nabii Musa (a.s.) akashtuka. Baadaye tunaelezwa sababu: ilikuwa ya maskini wanaotafuta riziki majini, na mbele yao alikuwepo mfalme anayepora vyombo vya watu. Aibu ile ndiyo iliyowaokolea mali yao.

Nimeifikiria sana habari hiyo tangu mtoto wa mjomba wangu, anayeishi Mwanza, aniulize kwa simu kuhusu mashua ya tanga anayotaka kuinunua. Mimi nipo Kasubi, mbali na tanga lolote, lakini kwa watu wa nyumbani kila anayesoma chuo kikuu ni mufti. Mashua ni ya mbao, imetumika miaka mingi, bei yake nafuu. Muuzaji hakuficha kitu: inavuja karibu na mkuku, na mataruma mawili yameoza. Ndugu yangu anataka kubebea mkaa na ndizi, na abiria pia wakipatikana. Akauliza: aikatie bima, au bima ni haramu, amwachie Allah?

Swali hilo ni la zamani. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, aliiandikia hukumu bima ya vyombo vya baharini, ambayo wafanyabiashara wa zama zake waliiita sukara. Aliikataa, akiona ni mtu kujifunga kulipa kisichomlazimu kisheria. Mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah likaamua kwamba bima ya kibiashara ni haramu kwa sababu ya gharar iliyomo, na likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano, ambapo wanachama huchangia kwa nia ya kusaidiana. Sheikh Mustafa al-Zarqa hakukubaliana nao. Yeye aliihalalisha hata ile ya kibiashara. Mimi nafuata kauli ya Baraza. Takaful si ndoto tena: Sudan walianza mwaka 1979, na jirani zetu Kenya wanayo.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu. Kilichonisumbua ni kwamba majibu yote mawili, takaful na tawakkul, yanaiacha mashua ikivuja vilevile.

Fiqhi inampa mnunuzi khiyari ya aibu: akigundua ubovu aliofichwa, anaweza kuirudisha bidhaa. Lakini aliyeambiwa ubovu akaridhia, khiyari hiyo hana. Ubovu umekuwa wake, na punguzo la bei ndilo malipo ya kuubeba. Sasa jiulize, akisimama ufukweni na kupokea nauli, yeye ni nani? Amekaa mahali pa muuzaji. Abiria ananunua safari ndani ya mbao zile zile, hajui habari ya mataruma, na akishafika katikati ya ziwa hana khiyari ya kurudisha chochote. Hata wenzake wa takaful, akiwaandikia kwamba chombo ni kizima, amewauzia bidhaa yenye aibu. Anakula michango yao kwa uongo, hata kama jina la mfuko ni la Kiislamu.

Ziwa hili lina kisa chake cha jahazi lililouzwa. Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyezikwa hapa Kasubi, alitumiwa wamisionari kutoka Uingereza, na wawili kati yao, Shergold Smith na O'Neill, walinunua jahazi kwa Songoro, mfanyabiashara Mwarabu wa Ukerewe. Songoro alikuwa na ugomvi na mtemi Lukonge. Disemba 1877 wote watatu waliuawa kisiwani humo. Anayenunua chombo aulize na yasiyoonekana kwenye mbao.

Najua mtu atasema: maskini hana uwezo wa kununua chombo kipya, na wewe mwenye chumba cha hosteli unamfundisha uchamungu. Hoja hii ina uzito. Mashua ya kwenye Kahf ilikuwa ya maskini, na ilikuwa na aibu. Lakini rudi usome Musa aliuliza nini alipoona ubao umetobolewa. Hakuuliza mashua ni ya nani wala ina thamani gani. Aliuliza kama imetobolewa ili watu waliomo wazame. Bima, hata iliyo halali kabisa, ikimlipa mwenye mashua thamani ya mashua, haijagusa swali la Musa.

Nilichomwambia ndugu yangu ni hiki: gharama ya mataruma mapya na kalafati itolewe kwenye bei kabla hajalipa hata shilingi. Mashua ivutwe nchi kavu, fundi aikague yote. Mpaka hapo ibebe mkaa karibu na ufukwe, na aliyemo awe yeye peke yake. Takaful atafute baadaye, na kwenye fomu aandike umri wa mashua kama ulivyo. Amenijibu kwamba faida iko kwa abiria. Hilo nalijua, na ndilo linalonitia hofu.