Mlango, Komeo na Mtoto Mdogo



Wako watu waonao kwamba habari za komeo la mlango ni habari za seremala tu, wala hazistahili kuandikwa katika gazeti la sharika zetu. Sisi twaona sivyo. Mtoto akiisha kupata mwaka mmoja au miwili, miguu yake hupata nguvu kabla akili yake haijaijua hatari. Katika miaka hiyo michache huenda kikawa kitu kimoja tu kilicho kati yake na mauti, nacho ni mlango wa nyumba. Basi afungaye mlango huo, na auachaye wazi, wote wawili wafanya jambo lihusulo uhai wa mtu. Na jambo la namna hiyo ni la dhamiri.

Twaijua nchi yetu. Hapa Tukuyu na katika Rungwe yote mvua hunyesha kupita sehemu nyingi za Tanzania, wala maji hayako mbali na nyumba. Iko mito ya Kiwira na Mbaka, na vijito vingi vipitavyo kati ya migomba. Yako mashimo ya udongo wa matofali, ambayo hujaa maji wakati wa mvua. Yako na mashimo ya choo yaliyochimbwa yakaachwa yakingoja kufunikwa. Iko barabara kuu itokayo Uyole kwenda Kasumulu, yenye malori ya Malawi. Na migomba yenyewe, iliyo baraka yetu, hukua mpaka karibu na ukuta, hata mtoto akienda hatua kumi tu haonekani tena. Wala hatari hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Sasa tuyapime maswali matatu ambayo wazazi huulizana juu ya jambo hili.

Swali la kwanza ni hili: Je, kuweka komeo si kukosa imani? Wengine husema, Mungu ndiye mlinzi, na ajali yake mtu haizuiliki. Lakini Torati haikusema hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mwenye kujenga nyumba aamriwa kuizungushia dari yake ukingo, mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Na katika Kutoka, mlango wa 21, mtu aliyechimba shimo asilifunike adaiwa malipo ya ng'ombe au punda atakayetumbukia. Angalieni, mwenye shimo hapewi nafasi ya kujitetea kwamba mnyama angejihadhari mwenyewe. Ikiwa ni hivyo kwa punda, je, si zaidi kwa mtoto asiyejua bado kusema neno shimo? Naye Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya tano alifundisha kwamba huivunja si yule atendaye mabaya peke yake, bali na yule awezaye kumkinga jirani na madhara ya mwili asimkinge. Basi komeo si shaka juu ya Mungu. Ni utii kwake, sawa na mlinzi wa mji katika Zaburi ya 127, ambaye hukesha ingawa ajua kwamba Bwana ndiye aulindaye mji.

Swali la pili: Je, kumfungia mtoto si kumnyima uhuru wake? Kwa kweli mtoto atokaye nje hatendi dhambi. Mungu amempa macho ya kutazama na miguu ya kwenda, naye avitumia. Kwa sababu hiyo twaona kwamba kumchapa mtoto wa miaka miwili kwa kosa la kufungua mlango si haki, maana ulimwonya jana, na leo hakumbuki. Komeo halimchapi wala halimtukani. Linabeba kwa ajili yake akili asiyokuwa nayo bado. Atalia mlangoni, ndiyo. Lakini wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ila mzazi akumbuke kwamba ulinzi huo una mwisho wake. Wazee wa Kinyakyusa walilijua hilo. Bibi Monica Wilson, aliyechunguza desturi za nchi hii pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1951 kwamba wavulana wa miaka ipatayo 10 walikuwa wakitoka nyumbani kwa wazazi wao, wakajijengea vibanda katika kijiji chao wenyewe, huku wakiendelea kula kwa mama zao. Watu hao hawakuogopa kumwacha mtoto atoke. Bali walingoja wakati wake. Komeo nalo ni la wakati wake, na jinsi akili ikuavyo, ndivyo lipasavyo kulegezwa.

Swali la tatu ndilo gumu, nalo twalileta mbele yenu kwa uzito wote. Ni hili: Mlango ukifungwa, mtu mzima yuko upande gani?

Maana mlango hufungwa kwa namna mbili. Mama aweza kutia komeo kwa ndani, naye yumo pamoja na mtoto, akipika au akifua. Au aweza kutia kufuli kwa nje, akashika njia ya shamba la chai, na mtoto amebaki ndani peke yake. Kwa macho ya mpita njia, mlango ni ule ule na nia ni ile ile, kumzuia mtoto asipotee. Lakini twasema kwamba matendo haya mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza lafanya nyumba kuwa zizi lenye mchungaji. La pili lafanya nyumba kuwa mtego. Moto wa mafiga ukishika kitambaa, nani atamfungulia? Na katika baridi ya mwezi wa Juni na Julai, jiko la mkaa likiachwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu katika usingizi. Komeo la ndani humtenga mtoto na hatari. Kufuli la nje humtenga na msaada. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka mzazi amkinge mtoto na hatari za mwili, na yamtaka vile vile asimtelekeze. Afungaye kufuli na kuondoka hukimbia neno moja akaliangukia la pili.

Hapo wengine watataka kumhukumu mama yule. Sisi hatumhukumu upesi. Huenda hana mume, hana mama mkwe aliye karibu, na asipochuma chai leo hakuna chakula kesho. Huenda angemwacha mtoto mikononi mwa dada yake wa miaka minane, lakini dada huyo apaswa kuwa shuleni, wala si haki kumtwika mtoto mzigo wa uhai wa mtoto mwenziwe. Basi kufuli lile halimshitaki mama peke yake. Lauliza pia, majirani wako wapi? Na wale waliosimama kando ya maji ya ubatizo wakakubali kuwa wadhamini wa mtoto, wako wapi?

Twapenda kusema kwamba mtoto ni wa wote. Neno hilo ni zuri, lakini lina hatari yake. Katika Injili ya Luka, mlango wa 2, Yusufu na Mariamu walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani kijana Yesu yumo katika msafara, kati ya jamaa zao. Wala hapakuwa na uovu kwa mtu awaye yote. Kila mmoja alidhani kwamba yuko na mwingine. Wakamtafuta, wakamwona baada ya siku tatu. Yeye alikuwa na miaka 12, tena hekaluni. Mtoto wa miaka miwili hangojwi siku tatu na kijito. Mtoto wa wote asipokabidhiwa mmoja kwa jina, huwa hana mlinzi.

Nchi ya Bangladesh, yenye mabwawa na mito mingi, yaweza kutufundisha hapa. Huko ilionekana kwamba watoto wadogo wengi hufa maji saa za asubuhi, mama akiwa katika kazi zake, na bwawa liko karibu na nyumba. Basi vijijini wakaanza kuwakusanya watoto mahali pamoja kila asubuhi, mikononi mwa mwanamke mmoja wa kijiji aliyefundishwa kazi hiyo. Na palipofanywa hivyo vifo vilipungua sana. Dawa yao kubwa ilikuwa mtu mwenye jina, aliyeketi pamoja na watoto.

Kwa hiyo twawashauri wazazi hivi. Komeo liwekwe juu, kimo cha bega la mtu mzima, nalo lifunguke upesi kwa ndani bila ufunguo, hata gizani. Vigoda na ndoo visikae karibu na mlango, kwa maana mtoto wa miaka mitatu ajua kupanda. Penye mlango mfupi wa mbao au mianzi, wenye kimo cha kiuno, mama hupata mwanga na hewa, naye mtoto hapiti. Kopo lenye vijiwe likining'inizwa mlangoni litalia likiguswa. Pipa lifunikwe na shimo lifukiwe, kwa maana iko siku komeo litasahauliwa.

Nazo sharika twaziomba jambo moja zaidi. Katika kila mtaa, wazee wa kanisa wajue ni nyumba zipi ambazo kufuli hutiwa kwa nje na mtoto yumo ndani. Wasiende kukemea. Waende na jina la bibi au jirani atakayeketi na mtoto huyo siku za kazi, na jina la atakayeshika zamu yake akiugua. Hiyo nayo ni ibada, ijapokuwa haina kengele.

Bwana, alindaye kutoka kwetu na kuingia kwetu, awalinde wadogo wetu, naye atufanye sisi kuwa watu waonekanao upande wa ndani wa mlango. Amina.