Gome la Mkomafi

Katika maingilio ya Mto Ruvuma, mkomafi huota pamoja na mikoko mingine, lakini kuutambua si kazi. Gome lake ni laini mfano wa gome la mpera, nalo hujiambua vipande vyembamba, likiacha shina lina mabaka ya kijani na hudhurungi. Mti hauugui kwa kujivua huko. Lakini mti ukibambuliwa gome kwa panga kulizunguka shina lote, hufa. Wakati wa utawala wa Wajerumani, magome ya mikoko ya pwani yetu yalibambuliwa na kupelekwa ng'ambo kwa kazi ya kudabaghi ngozi.

Wako wasemao kwamba mila nazo ni hivyo: iliyochakaa na idondoke yenyewe, wala asiibambue mtu. Maneno hayo ni matamu, nami niliyakubali kwa muda mrefu. Hata hivyo tuyapime kwa jambo la Mtwara kwenyewe. Zamani mwanamke wa Kimakonde alitobolewa mdomo wa juu, akavaa ndonya, na uso wake ukachanjwa chale. Kwa wenziwe huo ulikuwa uzuri na heshima. Katika karne ya 20 desturi hiyo ilififia, na leo ni nadra kuiona.

Je, ilijiambua au ilibambuliwa? Naona yote mawili yalikuwamo. Wazazi wengine waliacha kwa hiari kuwatoboa binti zao. Wengine waliacha kwa kuona haya mbele ya wageni na wasomi. Hapo ndipo mfano wa mti unapopungua. Mti hauna binti. Tukisema tusubiri gome lianguke, tunamsubirisha msichana ambaye hakuulizwa alipotobolewa. Na tukibambua kwa dharau, anayeumia ni mama yake, ambaye naye hakuulizwa.

Tena liko jambo la ajabu. Ndonya ile ile tuliyoionea haya mdomoni mwa mtu, tunaisifu ikiwa imechongwa katika kinyago, nasi humwonyesha mgeni kwa fahari. Kinyago hakina masikio ya kusikia kicheko. Bibi mzee anayo. Ndonya aliivua zamani, lakini tundu limebaki, naye apitapo karibu na wanafunzi watokao shuleni huvuta upindo wa kanga akaufunika mdomo wake.