Uadilifu Katika Kuwasomesha Watoto Nyumbani

Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Kurani Tukufu, Sura At-Tahriim, tujiokoe nafsi zetu na watu wa nyumbani mwetu kutokana na Moto. Amri hii wameelekezewa wote walioamini. Basi mwenye nyumba hawezi kumkabidhi mwalimu wa shule wala shehe wa msikiti wajibu huu wote, hata akiwalipa vizuri namna gani.

Wengi wetu tulikuwa tumelisahau jambo hili mpaka mwaka 2020. Tarehe 17 Machi mwaka ule ilitangazwa kwamba shule za Tanzania zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Katika Kenya watoto wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021, na katika Uganda wako walioongoja mpaka Januari 2022. Ghafula mzazi akajiona amezungukwa na watoto wanne, mmoja wa darasa la saba, wa pili wa darasa la tatu, wa tatu ndiyo kwanza aanze kusoma, na wa nne hawezi kukaa kitako dakika kumi, na yeye ndiye mwalimu wao wote. Wako waliosema kwamba kazi hiyo haiwezekani. Wengine walionja faida yake, na hata leo wanapenda kuendelea nayo, ama jioni na siku za likizo, ama badala ya shule kabisa. (Hao wa mwisho wakumbuke kwamba katika Tanzania Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na Mwislamu hutii sheria ya nchi anamoishi.)

Lakini je, ni kweli kwamba watoto wa umri mbalimbali hawawezi kufundishwa pamoja? Wazee wetu wa pwani wangecheka kusikia swali hili. Katika chuo cha Kurani watoto wa miaka mitano na wa miaka kumi na mitano walikaa jamvi moja, kila mmoja na mahali pake alipofikia; huyu anasoma alifu na be, yule yumo katika Juzuu Amma, na mwingine anakaribia kuhitimu. Mkubwa alimsikiliza mdogo, na mwalimu akamsikiliza kila mmoja kwa zamu. Mtoto aliulizwa amefika wapi, wala hakuulizwa ana miaka mingapi.

Tena tazameni habari ya Amr bin Salama r.a. iliyomo katika Sahihi Bukhari. Kabila lake lilikaa penye maji, njiani mwa wapitao, naye mtoto mdogo akawa anazisikia aya za Kurani kutoka kwa wasafiri na kuzihifadhi. Baba yake aliporudi kutoka kwa Mtume s.a.w. na agizo kwamba ajuaye Kurani zaidi ndiye awasalishe, wakatafuta, wasimpate aliyemshinda mtoto huyu. Wakamtanguliza, naye alikuwa na miaka sita au saba! Nguo yake ilikuwa fupi mno hata mwanamke mmoja akalalamika, ndipo wakanunua kitambaa na kumshonea kanzu, na yeye mwenyewe amesema kwamba hakuna kitu kilichomfurahisha kama kanzu ile. Wakubwa zake hawakuona haya kusimama nyuma yake. Sisi je, mdogo akimtangulia kakake katika hesabu, twafanyaje? Mara nyingi twamwambia mkubwa mbele ya wote, "Huoni aibu, mdogo wako amekushinda?" Neno hili moja laweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Ndugu zake Nabii Yusufu a.s. walimtupa kisimani kwa sababu waliona moyoni mwao kwamba baba anampenda yeye kuliko wao. Yaakubu a.s. hakuwa dhalimu, lakini hata dhana tu ya upendeleo ilileta msiba ule.

Na Mtume wetu s.a.w. alikuwa mkali sana katika jambo hili. Bashir r.a. alimwendea ili awe shahidi wa zawadi aliyompa mwanawe Numan. Mtume s.a.w. akamwuliza kama amewapa watoto wake wote vivyo hivyo. Alipojibu kwamba la, Mtume s.a.w. alikataa kushuhudia, akamwagiza amche Mungu na kuwafanyia watoto wake uadilifu. Ikiwa ndivyo ilivyo katika mali, sembuse katika elimu, ambayo haipotei kama mali?

Uadilifu huo si kuwapa wote somo lile lile. Wasimulieni wote kisa kimoja, kwa mfano kisa cha Nuhu a.s.; kisha mdogo achore jahazi, wa kati aandike sentensi tano, na mkubwa aeleze kwa nini watu wake walimkataa. Maharagwe yale yale ya jikoni, mdogo atayahesabu, wa kati atayagawa mafungu, mkubwa atajifunzia sehemu. Anzeni na mdogo kabisa, maana yeye hajui kungoja. Akisha kushiba maneno yenu mwacheni akacheze. Wala msikasirike mtoto mchanga akilia katikati ya somo. Mtume s.a.w. alikuwa akisikia mtoto analia msikitini huifupisha Sala kwa kumhurumia mama yake, nasi tutashindwa kufupisha hesabu?

Ila kuna dhuluma moja ambayo haionekani upesi, nayo nilijionea katika nyumba ya ndugu yetu mmoja mwezi Juni mwaka ule wa 2020. Alijisifu kwangu kwamba wanawe wanasoma barabara, na kweli wadogo watatu walinisomea vizuri sana. Aliyewafundisha ni dada yao wa darasa la saba. Nikamwomba anionyeshe daftari lake mwenyewe. Akasita, kisha akalileta. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo ilikuwa ya mwezi wa Machi. Asubuhi aliteka maji na kupika uji, mchana alikuwa mwalimu, jioni alimbeba mchanga. Na mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa mbele yake.

Baba yake alinyamaza kitambo. Mimi pia sikuwa na la kusema, maana nilikumbuka kwamba kwangu nyumbani binti yetu mkubwa ndiye aliyekuwa akiwasikiliza wadogo zake nilipochoka, na nilichoka kila siku.

Ni vizuri mkubwa amfundishe mdogo, kwani afundishaye hujifunza mara mbili. Lakini yafaa iwe nusu saa, tena mbele ya mzazi, isiwe kazi yake ya kutwa kwa sababu tu yeye ni wa kike na ni mtiifu. Ndugu yule tangu siku ile alichukua wadogo wote watatu baada ya Sala ya Alasiri, na mchanga akabebwa na kaka wa miaka tisa, ambaye alinung'unika sana. Binti alipewa meza ya baba yake, na mlango ukafungwa.