Ugumu wa Hiari: Falsafa ya Mbio za Baiskeli Katika Matope ya Baridi

Saiklokrosi ni mbio za baiskeli zinazopita katika nyasi, mchanga, vichaka na matope badala ya lami, na msimu wake hasa ni miezi ya baridi ya Ulaya na Amerika Kaskazini, kuanzia Septemba hadi Februari. Njia yake ni mzunguko mfupi, wa kilomita mbili na nusu hadi tatu na nusu, unaorudiwa tena na tena. Hapa na pale hutokea ngazi, kilima kikali au mbao zilizosimamishwa kukatiza njia. Mwendeshaji hushuka, huitia baiskeli begani na kukimbia nayo hadi apate pa kuipandia tena. Mchezo huu ulianzia Ufaransa, ambako ubingwa wa kwanza wa taifa ulishindaniwa mwaka 1902, na askari Daniel Gousseau ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wake. Wakati huo manufaa yake hayakuhitaji maelezo: waendeshaji wa barabarani walitafuta namna ya kulinda nguvu zao hadi majira ya joto yarudi. Octave Lapize, mshindi wa Tour de France ya 1910, aliuhesabu kuwa sehemu ya maandalizi yake. Ubingwa wa dunia ulianza Paris mwaka 1950, bingwa wa kwanza akiwa Jean Robic, na leo mchezo umekita mizizi zaidi Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji.

Manufaa hayo hayamwelezi mshindani wa mtaani. Huyu ni mwalimu, fundi au karani anayeamka Jumapili ya Desemba, akalipa kiingilio, akajipanga kwenye bustani ya umma huku joto likikaribia nyuzi sifuri, na akamaliza mbio akiwa wa arobaini. Hajiandai kwa mashindano mengine yoyote. Hata kusafiri hakusafiri, kwa kuwa utepe wa mwisho umewekwa palepale alipoanzia. Kwa nini kiumbe mwenye akili atafute shida ambayo hakuna aliyemlazimisha kuipata?

Jibu lenye nguvu zaidi limo katika kazi ya mwanafalsafa Bernard Suits, aliyeandika kitabu *The Grasshopper* mwaka 1978. Kwake, kucheza mchezo ni kujitolea kwa hiari kushinda vikwazo visivyo vya lazima. Mbao za saiklokrosi zinalithibitisha jambo hili waziwazi. Kimo chake hakizidi sentimita 40, na mtu yeyote mwenye haraka ya kweli angezikwepa kwa kupita kando. Kanuni za kimataifa zinakataza pia tairi lenye upana unaozidi milimita 33, ingawa tairi pana lingeshika matope vizuri zaidi. Mashindano madogo mara nyingi huilegeza kanuni hiyo, lakini hayaifuti roho yake. Mshindani hukubali njia iliyo ngumu kuliko inavyohitajika, kwa sababu bila ugumu huo hakuna kitu cha kushinda. Kuufikia utepe kwa njia ya mkato si kuufikia.

Hata hivyo, maelezo ya Suits yanaonyesha umbo la mchezo kuliko uhai wake. Mbao huwekwa na watu. Matope huletwa na mbingu. Waandaaji hufunga kamba na kuchora kona, kisha baridi huandika upya kila walichokiandika. Asubuhi alama za magurudumu ya jana zimeganda na kuwa mifereji migumu kama jiwe, na gurudumu likiingia humo halitoki ila kwa kumwangusha mtu. Kufika mchana jua hafifu limeyeyusha tabaka la juu, nyasi zimevurugika, na njia iliyokuwa salama saa nne imekuwa utelezi saa nane. Kwa hiyo mshindani hupunguza upepo wa tairi hadi kiasi ambacho mwendeshaji wa barabarani angekiona hatari, ili mpira utandazike na kushika ardhi. Anaijaribu kona upya kila mzunguko. Mabingwa hupokea baiskeli safi kutoka kwa mafundi wao hata zaidi ya mara moja katika mzunguko mmoja, huku ile chafu ikioshwa. Mtu wa mtaani ana baiskeli moja, na matope yanayogandamana kwenye fremu na cheni ni mzigo wake hadi mwisho. Aristotle alifundisha kwamba hekima ya vitendo haiishii kwenye kanuni za jumla bali hushughulika na mambo mahususi, jinsi yalivyo hapa na sasa. Ni vigumu kupata shule inayolifundisha hilo kwa ukali kuliko mteremko ulioganda nusu.

Jambo lenye uzito zaidi kifalsafa, hata hivyo, ni namna mchezo huu unavyopima. Marathoni hupima umbali, na matokeo yake ni kwamba aliye dhaifu huteseka kwa muda mrefu zaidi, peke yake, wakati wenye kasi wamekwisha kuoga. Saiklokrosi hupima muda: takriban saa moja kwa wanaume wa ngazi ya juu, dakika 50 kwa wanawake, na mara nyingi dakika 40 au zaidi kidogo katika mbio za mtaani. Waamuzi hukadiria idadi ya mizunguko kwa kutazama kasi ya mizunguko ya mwanzo, na kengele hupigwa unapobaki mmoja. Kiongozi akishakata utepe, kila mwingine humaliza anapoufikia, hata kama amepitwa kwa mizunguko miwili. Kwenye mashindano makubwa wanaobaki nyuma mno huondolewa njiani. Kwenye mbio nyingi za mtaani za Uingereza na Marekani huachwa waendelee.

Hapa pana usawa wa aina ya pekee. Matokeo hayalingani, wala vipaji havilingani, lakini sehemu ya kila mtu katika baridi ile inakaribia kuwa moja. Wa kwanza na wa mwisho wanakanyaga matope yaleyale, wanapishana kwenye kona zilezile, na wanatoka pamoja. Wawili wanaogombea nafasi ya 40 hawagombei zawadi, na mtu anaweza kusema kwamba ushindani wao ni bure. Si bure. Anayeendesha peke yake kwenye baridi husimama maumivu yanapomtosha. Gurudumu la mwenzake mbele yake huusogeza mpaka huo. Mpinzani humpa mtu kipimo ambacho hawezi kujipa mwenyewe, na humpa tu iwapo anajaribu kwa dhati kumshinda. Anayemwachia mwenzake nafasi kwa huruma amemnyima kile alichokuja kukitafuta.

Lakini haya yote hayamaanishi kwamba mateso yana thamani kwa nafsi yake. Mchukuzi anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi katika milima ya Burundi wakati wa masika hutumia misuli ileile kwenye matope yaleyale, na hakuna mchezo hapo. Yeye akiacha, watoto wake hawali. Mshindani akiacha, hunyanyua kamba na kwenda zake. Uhuru huo wa kuacha, pamoja na nguo kavu na nyumba yenye joto inayomngoja, ndio unaoufanya ugumu wake kuwa wa hiari. Anayeusifu ugumu na kuusahau msingi huo anawasifia maskini shida ambayo hawakuichagua.

Hiari yenyewe ina ukomo wake mwilini. Vidole vikifa ganzi kiasi cha kushindwa kuvuta breki, au mteremko ukiwa barafu tupu isiyoshikika kwa ustadi wowote, kikwazo hakishindiki tena na hivyo kimetoka nje ya mchezo. Waandaaji makini huifupisha njia, huiondoa sehemu hiyo au huahirisha mbio, na kwa kufanya hivyo wanaulinda ushindani wenyewe.