Mapendo na feza ya nyumba

Katika misa za ndoa tunasikia mara nyingi Barua kwa Waefeso, sura ya 5. Bwana arusi anashika haraka mstari wa 22, ule unaomtaka mwanamke amtii mume wake. Mstari wa 21, ambamo Paulo anawaomba wote watiiane, unapita kama upepo. Na wa 25, unaomtaka mume apende mpaka kujitoa, tunauitikia "Amina" alafu tunaenda kwenye karamu. Sisi tunauliza: kujitoa kunaanzia wapi? Tunaona kunaanzia siku ya mshahara.

Hapa Katanga swali hili si geni. Katika miaka ya 1950, huko Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mfransiskani Mbelgiji ambaye kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kilitoka mwaka wa 1945, alikaa na wafanyakazi wa migodi pamoja na mabibi wao akiwasikiliza. Pale njo Jamaa ilizaliwa. Walifundisha kwamba mtu anatamani mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakaitwa baba na mama. Na mapendo, kwao, yalikuwa kupeana mawazo: lililo moyoni mwa bwana lijulikane na bibi, na la bibi vilevile. (Baadaye vikundi vingine viligombana na Kanisa, lakini hiyo ni habari ndefu.) Tukumbuke kwamba katika kampi nyumba na posho vilitolewa kwa sababu ya kazi ya mume. Kumwomba mwanaume wa namna ile afungue moyo mbele ya bibi halikuwa jambo dogo.

Kisha mwaka wa 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na feza yake ya mara moja. Kuna nyumba ambamo bibi na bwana walikaa mezani wakahesabu: hii ya masomo, hii ya shamba, hii ya mashine ya kusaga. Na kuna nyumba ambamo mama alijua kiasi siku kilipokwisha. Wengi wa mabwana hao hawakuwa watu wabaya. Waliimba kwaya, hawakupiga bibi. Waliamini tu kwamba feza ni ya yule aliyeitwa kwenye liste. Watoto wao tuliwaona darasani, alafu hatukuwaona tena.

Mtu atatujibu: wanawake nao wanaficha. Ni kweli, mama ana likelemba sokoni na bwana hajui zamu yake. Lakini tuulize anaogopa nini. Anajua kwamba bwana akifa, ndugu zake wanaweza kuja kubeba mpaka sufuria. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka aombe ruhusa ya bwana kwa mambo mengi. Marekebisho ya 2016 yaliondoa ruhusa ile, sasa wapatane wawili. Sheria inaishia pale. Haiwezi kumfanya bwana aseme amelipwa ngapi.

Na sisi walimu je? Katika chumba cha walimu tunajuana mishahara mpaka franka ya mwisho, kumbe mabibi zetu wanakisia. Mwenzetu mmoja alijaribu, akaweka karatasi yake ya mshahara mezani. Bibi yake akaisoma, akanyamaza, akaingia chumbani, akarudi na daftari la likelemba.