Hila ya Vita na Khiyana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: liko swali ambalo watu hulizungumza barazani kila zitajwapo habari za vita. Mtu amwendeaye adui yake usiku, kwa siri, akampiga bila ya kumwonyesha uso wake, je, huyo ni shujaa au ni mkhaini? Wako wasemao kwamba ushujaa ni uso kwa uso, na kila litendwalo gizani ni la aibu. Na wako wasemao kwamba vita ni vita, na ndani yake hapana haramu. Makundi haya mawili yote yamepotea njia. Lile la kwanza limedhani giza ndilo dhambi, na hili la pili limedhani vita huiondoa dhambi. Na ukweli uko baina yao.

Mfano wa kwanza uko karibu. Njia ya misafara yajulikana na kila mtu wa pwani kwa habari za babu zake: ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora, kisha ikashuka hata Ujiji, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Mwaka 1871 ikazuka vita baina ya Waarabu wa Unyanyembe na Mirambo, mtemi wa Urambo. Mwezi wa Agosti mwaka ule kundi la watu wa Unyanyembe, likiongozwa na Soud bin Said bin Majid, likauingia mji wa Wilyankuru, likateka pembe na watu, likashika njia ya kurudi limelemewa na nyara. Mirambo hakupigana nao pale mjini. Aliwaficha watu wake katika majani marefu ya kando ya njia, na wale walipofika katikati wakainuka pande zote mbili. Soud akauawa na wengi pamoja naye. Stanley, ambaye alifuatana na jeshi lile la Unyanyembe, ameiandika habari hiyo.

Mtu wa pwani aisikiapo habari hii huenda akasema: Mirambo alifanya khiyana. Lakini na ajiulize, Mirambo aliwapa ahadi gani akaivunja? Hakuwaita kwa sulhu, wala hakuwakaribisha kwa chakula. Wao walimwendea kwa bunduki, wakachukua mali yake na watu wake, nao walijua ya kuwa ni adui yao. Kujificha majanini hakukuwa kuvunja amani, kwa kuwa hapakuwa na amani. Na lau Soud ndiye aliyejificha na Mirambo ndiye aliyenaswa, wale wale wamlaumuo huyu wangalimsifu yule kwa werevu. Basi la kwanza la kushika ni hili: jambo moja halina majina mawili, likawa werevu kwa wetu na khiyana kwa wengine. Apimae kwa mizani mbili hajapima.

Sheria imeliweka jambo hili wazi. Imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) ya kuwa vita ni hila, na Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ameeleza kwamba wanavyuoni wamewafikiana juu ya kujuzu kumhadaa adui katika vita kwa kila namna iwezekanayo, isipokuwa iwapo ndani yake mna kuvunja ahadi au amani, hapo haijuzu. Mpaka wote uko katika maneno hayo. Haukuwekwa baina ya usiku na mchana, wala baina ya wazi na siri. Umewekwa baina ya mtu uliyempa amana na mtu usiyempa.

Na mwenye kutaka kuuona mpaka huo kwa mtu aliye hai, na atazame sira ya Hudhaifa bin al-Yaman. Kabla ya Badri, yeye na baba yake walikamatwa na Makuraishi, wakaachiliwa kwa ahadi kwamba wataingia Madina wala hawatapigana pamoja na Mtume. Waislamu siku ile walikuwa wachache, na kila mkono ulihitajiwa. Walakini Mtume (s.a.w.) aliwaamuru watimize ahadi waliyowapa makafiri, nao hawakuipigana Badri. Kisha katika vita vya Khandaki, usiku wa baridi na upepo mkali, Hudhaifa huyo huyo alitumwa aingie kwa siri katika kambi ya adui alete habari. Akaingia, akamwona Abu Sufyan anaota moto, akaweka mshale katika upinde. Kisha akakumbuka kuwa ameamriwa asiwashtue, akauondoa mshale wake, akarudi na habari. Mtu mmoja, adui mmoja. Alipokuwa ametoa ahadi, aliishika hata palipokuwa na hasara. Na alipokuwa hana ahadi, aliingia gizani kwa halali, na hata humo gizani hakuuvuka mpaka wa amri yake.

Ukipatikana mpaka huu, mambo ya vita vya karne ya 20 yaliyofanywa ndani ya maji hupimika kwa wepesi, maana humo siri imefika mwisho wake: mtu huogelea usiku, au huzama chini kabisa, na juu yake adui amelala.

Katika vita vya 1914 hata 1918, reli ya Wajerumani iliyopita Tabora ilikuwa imekwisha kufika Kigoma, jirani ya Ujiji, na ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa merikebu zao. Waingereza wakaleta mashua mbili za mashine, jina lake Mimi na Toutou. Zililetwa kwa bahari hata Cape Town, kisha kwa gari la moshi, kisha zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba katika Kongo kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, hata zikafika penye mto Lukuga, ng'ambo ya ziwa, palipo na mji wa Kalemie. Wajerumani walisikia fununu tu. Mwanzo wa Desemba 1915 afisa wao, Job Rosenthal, alikwenda huko kwa merikebu ndogo ya Kingani, akajitia majini akaogelea hata karibu na pwani ya adui, akaiona gati iliyokuwa ikijengwa kwa ajili ya mashua zile. Lakini hakuweza kurudi merikebuni mwake, akakamatwa na Wabelgiji. Akiwa kifungoni alimpelekea mkubwa wake barua, na ndani ya barua hiyo alitia maneno ya siri, ameyaandika kwa mkojo wake badala ya wino ili yasionekane. Maneno yale hayakugunduliwa ila baada ya miezi. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilikwenda tena Lukuga haijui lililoko, ikapigwa na Mimi na Toutou, ikatekwa.

Pande zote mbili hapa zilifanya siri: hawa walificha mashua, na yule alificha mwili wake majini. Hakuna kati yao aliyevunja amani ya mwenziwe. Yule muogeleaji hakuingia Lukuga kama mgeni wala mfanyi biashara. Aliingia akiwa adui, akichukua khatari ya nafsi yake. Hii ndiyo hila iliyoruhusiwa.

Katika vita vya pili vya dunia kazi hii ya majini ilifanywa kwa ustadi mkubwa na Wataliana. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Desemba 1941, watu sita walitolewa na merikebu ya kwenda chini ya maji iitwayo Scirè, wakapanda wawili wawili vyombo vilivyofanana na torpido, wakaingia bandari ya Iskandaria katika Misri. Wakatega baruti chini ya manowari mbili kubwa za Kiingereza, Valiant na Queen Elizabeth, na chini ya merikebu ya mafuta. Luigi Durand de la Penne na mwenziwe Emilio Bianchi walikamatwa karibu na Valiant. Wakaulizwa baruti iko wapi, wakakataa kusema. Wakafungiwa chini kabisa ndani ya manowari ile ile, karibu na mahali walipoitega wenyewe. Zilipobaki kama dakika kumi, de la Penne akaomba kumwona nahodha, Charles Morgan, akamwambia kwamba manowari itapasuka, awaondoe watu wake. Akaulizwa tena iko wapi, akakataa tena, akarudishwa chini. Watu wakapandishwa juu; baruti ikalipuka; manowari ikakaa juu ya mchanga, na yeye akatoka mzima. Mwezi wa Machi 1945, Italia ikiwa imekwisha kugeuka kuwa upande wa Waingereza, de la Penne alipewa nishani ya dhahabu huko Taranto, na aliyemvika kifuani ni Morgan yule yule.

Na aangalie mwenye akili namna mtu yule alivyogawa mambo mawili. Siri ya mahali ilikuwa amana ya watu wake, hakuitoa, ijapokuwa kukaa kimya kulimweka karibu na mauti. Lakini roho za mabaharia hazikuwa makusudio yake. Kilichotakiwa ni manowari. Pale ambapo kuwaokoa hakukuivunja amana yake, aliona wajibu kuwaokoa. Kiasi ni sehemu ya haki: aliyepewa ruhusa ya kudhuru hakupewa ruhusa ya kudhuru zaidi ya haja.

Lakini watu wa jeshi lile lile walifanya na jambo jingine. Huko Algeciras, bandari ya Hispania inayotazamana na Jabal Tarik, ambayo Wazungu huiita Gibraltar, palikuwa na merikebu ya Kitaliana, jina lake Olterra. Hispania haikuingia vitani, na merikebu ile ilikuwa imekaa chini ya himaya ya bandari yake. Wataliana wakaingia humo katika sura ya mabaharia na mafundi wa kuitengeneza, wakatoboa mlango chini ya maji, na kwa mlango huo wakatoka usiku, mwaka 1942 na mwaka 1943, wakazitegea baruti merikebu za adui. Ushujaa wao haukupungua na ule wa Iskandaria. Baadhi yao walikufa. Walakini hukumu hubadilika. Wa Iskandaria waliingia nyumba ya adui kwa dirisha. Wa Algeciras waliingia nyumba ya jirani kwa mlango, kwa jina la wageni, kisha wakaigeuza kuwa mahali pa kuvizia. Mgeni apigae watu kutoka dirishani mwa mwenyeji wake amemtia mwenyeji katika vita asivyovitaka. Basi ushujaa peke yake si kipimo, kwani hata mwizi huenda akawa shujaa.

Atauliza mtu: ikiwa giza si dhambi, je, mwangaza ni usalama? Jibu liko katika vita vile vile vya njia ya Tabora. Wabelgiji waliuingia mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Nyuma ya majeshi ya pande zote walikwenda wapagazi, Wanyamwezi na wengineo, wengi wao wametwaliwa kwa nguvu, wakichukua risasi na vyakula vya vita visivyowahusu. Katika Afrika ya Mashariki walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jambo hilo halikufanywa chini ya maji wala usiku. Lilifanywa mchana, kwa amri na kwa daftari. Na wapagazi hawa hawakuwa adui wa wale waliowachukuza. Walikuwa chini ya mikono yao, na aliye chini ya mkono wako ni amana yako. Basi kumpoteza yeye mchana ni khiyana kubwa kuliko kumvizia adui usiku.

Na kabla ya kuondoka Kigoma, Wajerumani waliizamisha merikebu yao kubwa, Graf von Götzen, mnamo Julai 1916, isipate kutekwa. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo hawakuivunja. Walizipaka mashine zake mafuta mazito, kisha wakaizamisha taratibu kusini ya Kigoma. Nia yao bila shaka ilikuwa kuitumia tena wao wenyewe. Hawakurudi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikachukua abiria na mizigo ya watu wa ziwa hata ikaingia karne ya 21. Jambo lililofanywa kwa kiasi huwafaa hata wasiokusudiwa, maana vita vina mwisho, na watu hubaki.

Na mwisho wa maneno haya si wa majeshi peke yao. Wako wafanyi biashara na mawakili na wasimamizi wa mali za mayatima ambao kila wakiulizwa husema: Dunia ni hila. Ruhusa ya hila ilitolewa vitani, juu ya adui asiyepewa amani. Mshirika wa dukani si adui. Amekupa mali yake. Yatima si adui; hana ila wewe. Mnunuzi aliyekuja kwa salamu, ukamjibu salamu yake, umekwisha mpa amani. Achukuae silaha ya vita akaitumia sokoni hana udhuru wa Mirambo wala wa yule muogeleaji wa Lukuga, kwa sababu wao hawakumpiga mtu aliyewaamini. Hudhaifa aliikosa Badri kwa ajili ya neno alilompa kafiri. Basi Mwislamu avunjae neno lake kwa ndugu yake, kwa faida ya rupia chache, na aseme mwenyewe jina la jambo hilo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuae zaidi.