Je, Plastiki ni Dhambi?



Vijana wenzangu, leo nina jambo la kuungama. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, mimi hapa Tunduma niliishika sheria hiyo kama amri ya kumi na moja. Nilikuwa nimesoma Laudato Si' ya Papa Fransisko ya mwaka 2015, pale anapokemea tabia ya kutupatupa vitu, nikajiona mtetezi wa uumbaji. Kwenye jumuiya nikatamka wazi: plastiki ni dhambi.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, nilienda kwa shangazi yangu Mbozi. Alikuwa amenunua mifuko ya PICS ya kuhifadhia mahindi. Nikachungulia: ndani ya kiroba cha nje kuna mifuko miwili ya plastiki. Aisee, nilimhubiria mpaka akamwuzia jirani yote. "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," alisema.

Januari nikarudi. Dumuzi alikuwa amepita, yule mdudu ambaye wakulima walimwita skania (sisi tunaoishi na foleni ya malori mpakani jina hilo halitupi shida). Magunia yamejaa vumbi. Shangazi hakunilaumu. Alipepeta kilichobaki, akawapa kuku makapi, akaanza kununua mahindi kwa debe sokoni, yeye mkulima! Kwa jirani, mahindi mazima.

Ndipo nikatafuta kujua. Mifuko hiyo ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani na watafiti wa Kameruni, miaka ya 1980, waliokuwa wanataka kuokoa kunde za wakulima. Ukiifunga barabara, wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo, wanaacha kula, wanakufa. Dawa ya sumu haihitajiki. Na ile sheria niliyokuwa naitetea haikugusa vifungashio vya mazao. Sikuwa nimeisoma.

Laudato Si' nayo nilikuwa nimeiruka namba 50, ambapo Papa anasema chakula kinachotupwa ni kama kimeibwa mezani pa maskini. Meza ya shangazi niliiibia mimi, kwa jina la utakatifu.

Sasa simaanishi plastiki yote imesamehewa. Mfuko unaotumika dakika tano kutoka stendi hadi nyumbani, kisha unaziba mtaro, sioni wa kuutetea. Ila nilichukia kitu kabla ya kuuliza kinamlisha nani na kinaishia wapi.

Hilo la pili ndilo linalonisumbua. Mwaka jana nilimpelekea shangazi mifuko mipya kwa pesa yangu. Akanionyesha ya zamani, imetoboka, ameikunja vizuri pembeni ya ghala. "Hii je, niichome au niifukie?"

Nikabaki nimeishika mkononi.